Udongo wa Gusii na Sakafu ya Ziwa

Mvua ikinyesha katika vilima vya Kiabonyoru, kaunti ya Nyamira, maji huteremka kati ya michai na migomba, yakaingia vijito, na vijito vikauingia mto Gucha. Mto huo hukatiza Kisii, ukashuka hadi nchi ya Waluo ambako huitwa Kuja, ukapokea maji ya mto Migori, kisha ukamwaga kila ulichobeba katika Ziwa Victoria, upande wa Nyatike. Kaskazini, sehemu ya maji ya Nyamira huingia mto Sondu, unaofika ziwani kupitia Ghuba ya Winam. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko mita 1,134. Mteremko huo ndio unaoupa mto nguvu ya kuchukua udongo mwekundu wa shamba na kuupeleka mahali ambapo mwenye shamba hatauona tena.

Huko unakoishia ndiko habari hii inakoelekea. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na kina chake cha juu ni kama mita 80. Asilimia 6 iko Kenya, 43 Uganda na 51 Tanzania. Kujua sakafu yake ilivyo kumechukua zaidi ya karne moja, na hatua nyingi kubwa zilipatikana pale watu wa nchi mbalimbali walipokubali kuweka vipimo vyao mezani pamoja. Palipokosekana makubaliano hayo, ramani ilikaa na mapengo.

Abagusii si wageni wa ziwa hilo. Mapokeo aliyoyakusanya mwanahistoria William Robert Ochieng' katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Wagusii yanasema wahenga walipotoka pande za Mlima Elgon walikaa Goye, huko Yimbo, ufuoni kabisa, kisha wakahamia nyanda za Kano kabla ya kupanda milimani. Hata baada ya kuhama, uhusiano haukukatika: nafaka na zana za chuma ziliteremka, mifugo, vyungu na samaki vikapanda.

Bildi na pima

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice. Alichokitafuta ni umbo la ziwa na kama ni moja au mengi, kwa hiyo ramani yake ilihusu zaidi ukingo, na hata ukingo huo wapimaji wa baadaye walilazimika kuusahihisha mahali pengi. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zikagawana eneo hili kwa mkataba, na mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta ukalikata ziwa toka magharibi hadi mashariki. Waliokata mstari huo hawakuwa wamepima kina cha maji yaliyo chini yake.

Kazi ya kupima ilianza mwaka 1898, na chanzo chake kilikuwa reli. Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Mombasa, nayo ilihitaji bandari ziwani na njia salama za meli. Wakamtuma Kamanda B. Whitehouse wa jeshi lao la majini. Chombo chake kikuu kilikuwa kile kile ambacho mabaharia wa Pwani wamekijua kwa vizazi: bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama kila pima moja. Unaitupa bildi, unasubiri kamba ilegee, unasoma alama. Chini ya risasi huwa kuna kishimo kilichopakwa mafuta ya mnyama. Ikigusa sakafu, mafuta hunasa kilichopo: mchanga, tope au vipande vya kombe. Isiponasa kitu na risasi ikirudi na mkwaruzo, nahodha hujua kuna mwamba. Kila kipimo kiliandikwa pamoja na mahali kilipochukuliwa, kisha mashua ikasogea mbele na kazi ikaanza upya.

Mwaka 1900 meli iliyoitwa William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Uingereza, iliingizwa majini Kisumu. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo. Vipimo vya Whitehouse vikaingia katika ramani za idara ya majini ya Uingereza, na kwa miongo mingi manahodha wa ziwa wakaendesha meli kwa namba zile. Majina ya wapiga makasia waliomvusha kutoka kisiwa hadi kisiwa hayamo kwenye ramani hizo.

Katika miaka hiyo hiyo, mbali na Nyanza, wazo jingine lilikuwa likizaliwa. Mwaka 1899 wanajiografia waliokutana Berlin walikubaliana kwamba bahari zote za dunia zichorwe katika ramani moja ya kina. Mwezi Aprili 1903 kamati yao ilikutana Wiesbaden, Ujerumani, chini ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, aliyekubali kugharamia kazi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1905 likiwa na kurasa 24 na vipimo 18,400 hivi. Kwa bahari zote za dunia, hizo ni namba chache mno. Thamani yake ilikuwa katika utaratibu: kila nchi ilete ilichonacho, vyote viwekwe kwa kipimo kimoja, na ramani iwe ya wote. Mradi huo ungali hai na unajulikana kwa jina la GEBCO.

Kwa hiyo karne ilianza na njia mbili. Ziwa Victoria lilipimwa na dola moja kwa ajili ya meli zake. Bahari kuu ilianza kupimwa na mataifa kwa pamoja. Ilichukua muda mrefu kwa njia ya pili kufika ziwani.

Nyavu zilizokokotwa chini

Hatua iliyofuata ililetwa na samaki. Kufikia miaka ya 1920 wavuvi walikuwa wakilalamika kwamba samaki waitwao ngege wanapungua. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham, akisaidiwa na kijana E. B. Worthington, alifanya uchunguzi wa uvuvi kuzunguka ziwa lote. Alipima kina, akatega nyavu katika maji ya kila aina, na ripoti yake iliyotoka mwaka 1929 ikapendekeza ziwa lisimamiwe kama kitu kimoja, kwa kuwa samaki hawajui mpaka. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Uingereza, na bado ilibidi kungoja hadi 1947 ndipo shirika moja la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilipoanzishwa Jinja.

Kisha maji yenyewe yakabadilisha hesabu. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Magati yakazama, vijiji vya ufuoni vikahama, na kila kina kilichoandikwa kwenye ramani za zamani kikahitaji kusomwa upya, kwa sababu mahali pa kuanzia kuhesabu palikuwa pamepanda. Kuanzia 1967 nchi za bonde la ziwa pamoja na Sudan na Misri zilishirikiana, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, kupima mvua na mito inayoingia ziwani. Hapo kanuni moja ilidhihirika: kina cha ziwa hakiwezi kuandikwa sawasawa bila kujua kinachotokea milimani.

Mwaka 1967 pia Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizaliwa, na kituo cha Jinja kikawa chini yake. Kwa ufadhili wa Umoja wa Mataifa ikapatikana meli ya utafiti iliyoitwa Ibis. Kati ya 1969 na 1971 meli hiyo ilivuta nyavu juu ya sakafu ya ziwa lote, kina kwa kina, ukanda kwa ukanda. Ili kukokota wavu ni lazima ujue chini kuna nini, maana mwamba mmoja huchana kazi ya siku nzima. Kwa hiyo uchunguzi wa samaki ukawa pia uchunguzi wa sakafu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974 na Mganda A. W. Kudhongania na Mmarekani Almo Cordone. Walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa karibu na sakafu walikuwa fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia. Picha hiyo ndiyo ya mwisho tuliyo nayo ya ziwa zima kabla ya mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, kulitawala.

Wakati Jinja ikikusanya nguvu, Bahari ya Hindi nayo ilikuwa imepata zamu yake. Kati ya 1959 na 1965 zaidi ya meli 40 za mataifa mbalimbali zilishiriki msafara mmoja wa kimataifa wa kuichunguza bahari hiyo, iliyokuwa haijulikani kuliko nyingine kubwa. Wamarekani na Warusi, waliokuwa katikati ya Vita Baridi, walibadilishana vipimo. Mwaka 1962 meli ya Uingereza, Owen, ilipima usumaku wa sakafu juu ya Safu ya Carlsberg, milima iliyo chini ya maji katika Bahari ya Hindi. Mwaka uliofuata Fred Vine na Drummond Matthews walitumia vipimo hivyo kueleza kwamba sakafu mpya huzaliwa katikati ya safu ile na kusogea pande zote mbili. Moja ya mihimili ya elimu ya leo kuhusu mabara yanayosogea ilisimama katika maji hayo. Mwaka 1975 Moscow ikachapisha atlasi ya jiolojia ya Bahari ya Hindi iliyokusanya kazi ya msafara huo.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na kituo cha Jinja kikapoteza mamlaka yake ya pamoja. Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, mwaka 1979. Tanzania ikaunda yake, TAFIRI, mwaka 1980, na Uganda ikabaki na Jinja. Kila mmoja akapima kipande chake kwa vyombo vyake na kwa ratiba yake. Wakati huo huo, katika miaka ya 1980, mbuta waliongezeka kwa kasi, fulu wa aina nyingi wakatoweka, na viwanda vya minofu vikajengwa ufuoni. Badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya ziwa lilitokea bila uchunguzi hata mmoja wa ziwa zima wa kulitazama. Huo ni ushahidi mzito wa gharama ya kutengana.

Tope lililosimulia ukame

Chini ya maji kuna kitu kingine cha kupima, nacho ni tope lenyewe. Mwaka 1960 na 1961 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichimba nguzo za tope katika Ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda. Robert Kendall alizichunguza kwa miaka, akahesabu chavua ya mimea safu kwa safu, na mwaka 1969 akatangaza kwamba kuna wakati ziwa lilikuwa chini sana kuliko lilivyo sasa. Lakini ghuba moja ya kando haiwezi kusemea ziwa zima.

Jibu lilihitaji kufika katikati, kwenye kina kirefu, na hilo halikuwezekana kwa nchi moja. Mwezi Februari 1993 watafiti wa maziwa makuu kutoka Afrika, Ulaya na Amerika walikutana Jinja chini ya mpango wa kimataifa uitwao IDEAL, na miongoni mwa viongozi wake walikuwa Mmarekani Thomas Johnson na Mkenya Eric Odada wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Meli ya Ibis, ile ile ya miaka ya Jumuiya, ikafanyiwa matengenezo. Mwaka 1995 iliingia tena majini, safari hii ikivuta vyombo vya kutuma mawimbi ya sauti yanayopenya tope. Sauti hugonga sakafu, sehemu yake hurudi, na sehemu nyingine hupenya hadi igonge tabaka gumu chini zaidi kabla ya kurudi. Ukizisoma zote pamoja unapata mchoro wa sakafu ya leo na wa sakafu za kale zilizozikwa chini yake.

Mchoro ulionyesha tabaka moja gumu lililoenea kila mahali, hata chini ya kina kirefu kabisa. Mabomba ya kuchimba yakateremshwa. Nguzo za tope zilipopasuliwa kwa urefu, juu kulikuwa na tope laini lililojaa maji. Chini yake, ghafla, ulikuja udongo mgumu uliowahi kukauka juani, wenye vijizizi vya mimea vilivyosimama wima na chavua ya majani ya kinamasi. Hapo palikuwa nchi kavu. Mwaka 1996 Johnson na wenzake walitangaza kwamba ziwa lilikauka lote kabla ya kujaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita. Siku hizo maji yaliyotoka milima ya Gusii hayakuwa na ziwa la kuingia. Tangazo hilo likazua mjadala ambao wataalamu wa vinasaba wameuendeleza tangu wakati huo: vipi mamia ya aina za fulu zilitokea katika muda mfupi hivyo?

Mwangwi wa nchi tatu

Tarehe 30 Juni 1994, mjini Kisumu, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa bado haijafufuliwa. Mkataba wake mpya ulianza kutumika mwaka 2000. Ziwa lilitangulia, siasa zikafuata.

Kuanzia Agosti 1999 meli moja, yenye wanasayansi wa nchi zote tatu, ilianza kulipima ziwa zima kwa mwangwi. Chombo hutuma mlio mfupi kuelekea chini na kungoja urudi. Katika maji ya ziwa sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 40 mwangwi wa sakafu hurudi baada ya sehemu 5 hivi za mia ya sekunde. Mlio hufuata mlio meli ikienda, na kwenye kioo hujichora mstari mzito wa sakafu, na juu yake madoa ya samaki. Bildi ilitoa kipimo kimoja kwa mtupo mmoja. Mwangwi hutoa mstari usiokatika kutoka maji ya Kenya hadi ya Tanzania na kurudi kupitia Uganda.

Uchunguzi ulirudiwa mara tano hadi Agosti 2001. Taarifa yake ya kisayansi ilichapishwa mwaka 2003 na waandishi watatu: Albert Getabu wa Kenya, Rhoda Tumwebaze wa Uganda na David MacLennan wa Uskoti. Walieleza jinsi samaki wanavyotawanyika kwa kina na kwa msimu, na jinsi ukosefu wa oksijeni karibu na sakafu unavyowasukuma juu. Getabu baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kisii, kwa hiyo mwanafunzi wa milimani ameweza kusomeshwa sayansi ya maji na mtu aliyeusikiliza mwangwi wa ziwa lote.

Kumbukumbu ya mashamba

Mwaka 2002 timu iliyoongozwa na Mbelgiji Dirk Verschuren, pamoja na wenzake wa Marekani, Kanada na kwingineko, ilichapisha uchunguzi wa tope la karibuni kutoka katikati ya ziwa. Tope hilo hutua safu juu ya safu kila mwaka, likitunza mabaki ya viumbe vidogo vya majini. Waligundua kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na kilimo katika bonde la ziwa, na kwamba kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya chini yalikuwa yameanza kupoteza oksijeni. Sababu kubwa ni fosforasi na virutubisho vingine vinavyosafiri na udongo, moshi na maji machafu. Mwani hunawiri, hufa, huzama, na ukioza chini humaliza oksijeni.

Lawama hiyo si ya Gusii peke yake. Inahusu bonde zima, kuanzia Burundi na Rwanda hadi Mau. Lakini Kisii na Nyamira ziko miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi zaidi nchini Kenya, mvua yake hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na miteremko yake imelimwa hadi kwenye kingo za vijito. Mkulima anayechimba mfereji wa kuzuia mmomonyoko, akapanda majani ya kulisha ng'ombe kwenye kingo zake na kuliacha eneo la mto bila kulimwa, anabadilisha kitakachosomwa katika tope la ziwa kizazi kijacho. Udongo uliobaki shambani unamlisha yeye, na ulioondoka unapunguza kina cha maji kwenye midomo ya mito na kumnyima mvuvi samaki.

Duniani kazi bado ni kubwa. Mwaka 2017 GEBCO na wakfu wa Nippon wa Japani walianzisha mpango wa kuichora sakafu yote ya bahari ifikapo 2030. Wakati huo asilimia 6 tu ilikuwa imepimwa kwa kiwango cha kisasa. Kufikia Juni 2025 ilikuwa asilimia 27.3. Ongezeko hilo halikutoka kwa meli mpya peke yake. Serikali, makampuni na vyuo vilikubali kutoa vipimo vilivyokuwa vimefungiwa makabatini.

Funzo hilo linatuhusu moja kwa moja. Kisii na Nyamira ni wanachama wa umoja wa kaunti za eneo la ziwa, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya, ina makao yake Kisumu. Mwaka 2020 maji yalipanda tena hadi kuifikia alama ya 1964, na mito ikaleta udongo mwingi kupita kawaida. Ramani ya sakafu lazima ipimwe upya, na wapimaji watahitaji kujua ni kiasi gani cha udongo kinashuka kwa Gucha na kwa Sondu, mwaka kwa mwaka. Namba hizo haziwezi kupatikana ziwani. Zinapatikana kwenye madaraja ya Nyamira na Kisii, kwa vipimo vya mto vinavyosomwa kila siku, vinavyotunzwa, na vinavyotolewa bila kinyongo kwa Mganda na Mtanzania anayevihitaji. Kaunti hizi mbili hazina ufuo, lakini zina mito, zina chuo, na zina vijana waliosoma. Zikijitolea kupima maji yanayotoka kwao, zitakuwa zimeingia katika ushirikiano huu kwa haki kamili, zikiwa na mchango ambao hakuna mwingine awezaye kuuleta.